Hodi Kwenye Skana

Redio yoyote hukoroma kidogo kabla ya kusema. Hii ya tatu haikukoroma. Fundi Rwezaura alipoiwasha juu ya meza yake pale Kayanga, ilikaa kimya kama mtu anayesikiliza, na kimya hicho kilimfanya Salvina ageuke kutazama nyuma, ingawa nyuma yake palikuwa na ukuta tu.

Alikuwa amekuja kuchagua skana ya mkononi, ile redio ndogo inayopekua masafa yenyewe na kusimama mahali watu wanapozungumza. Hakumwambia fundi ni ya nini. Kazi yake ilikuwa kununua mikungu ya ndizi mashambani kwa watu wa Nyakasimbi na kuwauzia wenye malori. Jirani yake Benadeta alifanya kazi hiyohiyo na mumewe, ila wao walikuwa na redio koli. Mume alisimama barabarani na malori, mke akazunguka mashambani, wakaambiana bei na lori linaelekea wapi, hata kule mabondeni ambako simu haishiki. Salvina alitaka kuyasikia hayo. Huko ndiko kudukiza, hakuna jina jingine, na yeye alikuwa mhazini wa umoja wa wanawake kanisani.

Rwezaura alimpeleka nyuma ya kibanda, chini ya migomba, akamjaribishia moja moja.

"Hii ni mpya. Inahifadhi chaneli mia mbili, na ina tochi."

"Tochi ninayo nyumbani."

Wakashuka nayo bondeni kidogo. Ikabaki kuvuma kama nyuki. Ya pili ilinasa vizuri, lakini ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na fundi mwenyewe alikiri kwamba inakula betri kuliko nguruwe anavyokula maganda. Ndipo wakaichukua ile ya tatu, iliyokwisha kutumika, isiyo na jina la kiwanda, antena yake imeng'atwang'atwa nchani. Ndani yake mwanamume asiyejulikana alisafisha koo, karibu kabisa, kana kwamba amesimama nao pale migombani.

"Nipe hii," Salvina alisema.

"Hii inanasa mno."

"Kunasa mno ni ubovu, fundi?"

"Mama, hata sikio Mungu aliliwekea nta." Akamwonyesha tundu ubavuni mwa redio. "Hapa palikuwa na kitufe cha kuchuja. Hicho ndicho kinachoamua sauti ipi iingie na ipi ibaki nje. Aliyekuwa nayo aliking'oa. Redio bila kitufe hiki ni nyumba bila mlango."

"Na huyo aliyekuwa nayo yuko wapi?"

"Nduguze ndio walioiuza," Rwezaura alisema, akaanza kupanga bisibisi zake.

Salvina alikuwa amechoka kushindwa. Akaichukua.

Ikamlipa upesi. Lori likielekea Isingiro, Salvina keshafika Isingiro. Benadeta alifika kwenye mashamba akakuta mikungu imekwisha kukatwa, imefungwa, inasubiri mwenyewe. Jumapili moja, nje ya kanisa, alimshika Salvina mkono mbele ya wenzao.

"Mama Noela, hebu tuambie ukweli. Wewe una malaika anayekutangulia?"

"Miguu tu, jirani."

"Basi uniazime hiyo miguu, mimi nivae yangu Jumapili!"

Wanawake wakacheka. Salvina naye akacheka, masikio yakimwaka moto. Alijua kwamba mtoto wa Benadeta alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada. Alikuwa amelisikia hilo pia kwenye skana, mke akimnong'oneza mumewe, na hakuizima.

Nyumbani aliificha chini ya kapu la nguo chafu, mama mkwe wake asiione. Bibi Adelgunda alikuwa mtu wa zamani. Kwake mgeni hakuachwa mlangoni, hodi haikuachwa hewani, na hakuna aliyeketi bila kuletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Hayo alikuwa amemfundisha mkwewe tangu wiki ya kwanza ya ndoa, mpaka yakawa kama kupumua.

Alasiri moja mvua ilipiga mabati kwa nguvu. Bibi na Noela, mtoto wa Salvina, walikuwa wamelala. Salvina alikaa jikoni akimenya ndizi, skana ikipekua mapajani. Ikasimama mahali ambapo kiwambo hakikuonyesha namba yoyote.

"Hodi," ilisema sauti ya mtu mzima, mpole.

Kisu hakikusimama. "Karibu," Salvina alijibu, jinsi mtu anavyojibu akiwa na kazi mikononi. "Karibu ndani, waitu, ndugu yetu, uketi." Akafuta mikono, akachukua kikapu cha kahawa, akaenda nacho sebuleni. Hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Akadhani mgeni amekimbia mvua akaingia kwa jirani, akaacha kikapu juu ya kigoda, akarudi jikoni. Alipoketi ndipo alipokumbuka kwamba hodi haikutoka mlangoni. Ilitoka mapajani mwake.

Alirudi sebuleni taratibu. Juu ya kigoda, kando ya kikapu, palikuwa na maganda ya kahawa yaliyotafunwa, bado yana mate. Chumba kilinuka waya ulioungua, na ndani ya harufu hiyo palikuwa na marashi matamu, ya mtu aliyejipamba kwa safari.

Aliyafagia maganda. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Swali la kwanza lingekuwa, redio hiyo ya nini?

Kuanzia siku ile nyumba ikawa na sauti zaidi ya watu. Bibi Adelgunda alikuja jikoni akichechemea. "Umeniita, Mama Noela?" Hakumwita. Akaja tena. "Mbona unaniita halafu unanitazama hivyo?" Salvina aliitoa betri. Skana ikaendelea kunong'ona chini ya kapu, na kilichonong'onwa kilikuwa sauti yake mwenyewe, ikisema mambo ya nyumba yake: alivyomlalamikia mumewe Yustus aliye kazini Muleba, alivyosema bibi anakula sana kwa mtu asiyelima. Kila alichokisema akidhani yuko peke yake kilikuwa kinarudi, taratibu, kwa ufasaha, na siku moja alipogeuka alimkuta bibi amesimama mlangoni, mkono kinywani, amesikia.

"Mama, si mimi," Salvina alisema.

"Ni sauti yako," bibi alijibu, akaondoka. Jioni ile hakula.

Huenda Salvina angeendelea kuivumilia aibu ile, maana aibu ya ndani ya nyumba huvumilika, lakini kesho yake, jua likiwa bado juu, Noela hakuonekana. Akamtafuta uani, akamtafuta zizini, akaingia migombani akiita, na kila alipoita jina la mtoto alisikia jina hilohilo likiitwa mbele yake, kwa sauti yake ileile ila tamu kuliko yake, sauti ya mama asiyechoka, ikitokea upande wa lile shimo la zamani la kuivishia ndizi za pombe ambalo mvua ilikuwa imelijaza maji, na alipotoka mbio kati ya majani yaliyolowa alimwona mtoto amesimama ukingoni, vidole vya miguu vikining'inia juu ya maji, akitabasamu kuelekea chini, huku harufu ya waya ulioungua na marashi ikimjaa Salvina kooni, na kutoka ndani ya shimo yeye mwenyewe anasema, "Shuka, mwanangu. Shuka taratibu, mama nimekushika."

Alimdaka kwa nguo.

"Mama," Noela alisema kwa mshangao, "kumbe mko wawili?"

Ndipo alipomweleza bibi yote, amepiga magoti, skana sakafuni kati yao. Bibi Adelgunda hakumfokea. Alisema tu, "Ulimsikiliza mwenzako akilia mtoto kafukuzwa shule?" Salvina akainamisha kichwa.

"Tumwite mchungaji," alisema.

"Mchungaji ataomba, nami nitaitikia amina. Lakini kahawa hukumpa mchungaji."

Akaitwa Verdiana, mganga wa Isingiro, mwanamke mfupi aliyeshuka kwenye bodaboda akiwa na mkoba wa shule. Alisimama mlangoni, akanusa, asiingie.

"Ulimjibu?"

"Nilimjibu."

"Ukampa kahawa, naye akatafuna. Sasa unataka nimtoe kwa fimbo? Mwizi ndiye anayefukuzwa. Huyu jini ni mgeni wako, na mgeni husindikizwa." Akanong'ona, kama anayeogopa kusikika. "Utaibeba hiyo redio mkononi, wazi, si ndani ya kanga. Utapita barabara kubwa mchana, ukizungumza naye kama unavyozungumza na mgeni, mpaka njia panda. Hapo utaiweka chini na punje za kahawa, umuage, urudi."

"Mchana? Watu wataniona."

"Ulimwingiza kwa siri. Hiyo aibu ndiyo dawa. Na ukiulizwa uko na nani, useme, niko na mgeni wangu, namsindikiza. Usimkane. Mgeni aliyekanwa njiani hurudi alikolala." Akamgeukia bibi. "Nanyi mfunge mlango. Msimfungulie yeyote mpaka mwenyewe arudi."

Salvina alitoka. Alipita mlamula, mti uliopandwa mpakani mwa shamba lake, skana mkononi.

"Twende, waitu," alisema. "Njia yetu ina matope kidogo, utusamehe."

Kando yake, upande wa kushoto, matope yalifyonza na kuachia, yakafyonza na kuachia. Hakutazama. Akazungumza juu ya mvua, juu ya kahawa ya mwaka huu, akasikia mgeni akiguna kwa adabu. Mwendesha bodaboda alipunguza mwendo, akamtazama, akaongeza. Njia panda ikaonekana. Salvina akaanza kupumua.

Kutoka njia panda akaja Benadeta, redio koli kiunoni, kitambaa cha kichwa kimelowa. Alikuwa anatoka mashambani bila mkungu hata mmoja.

Mkono wa Salvina uliingia ndani ya kanga kabla hajauamuru.

"Mama Noela! Habari za huko?"

"Nzuri, jirani."

"Nimekusikia tangu kule ukizungumza. Uko na nani?"

Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini Benadeta alikuwa anatazama kile kilichovimba chini ya kanga, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka, mwenye mtoto nyumbani asiyekwenda shule. Salvina akaona jinsi macho hayo yatakavyobadilika.

"Sina mtu," alisema. "Niko peke yangu."

Matope ya upande wa kushoto yalifyonza mara moja, kama kisigino kinachogeuka. Halafu yakaanza kufyonza upesi, upesi, kurudi walikotoka.

Salvina aliangusha skana pale pale, mbele ya Benadeta, akakimbia. Aliteleza, akainuka, akapita mlamula bila viatu. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa. Ndani bibi alikuwa anacheka kwa raha, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

"Umerudi upesi," bibi alisema. "Hukumkana?"

"Sikumkana, mama," ilijibu sauti ya Salvina, kutoka ndani. "Na yale niliyoyasema juu yako, unisamehe."

Salvina alisukuma mlango. Komeo likagonga. Akapiga ubao kwa viganja vyote viwili.

"Mama, nani huyo?" Noela aliuliza.

"Usimfungulie, mwanangu," ilisema sauti ileile ya Salvina. " Ndiye yule mgeni."

Salvina alifungua mdomo aseme ni mimi, ni mimi mama yako. Kilichotoka kooni kilikuwa mkoromo tu, mwembamba, usiokatika, ule wa redio kabla ya kusema.