Kona ya Kuinua Jembe

Jirani yetu alikuwa dereva wa greda, na kwa sifa alizojimwagia ungedhani barabara zote kazizaa yeye. Tulimwita Bapa, kwa jinsi alivyoilaza changarawe. "Barabara yangu," alitamba, "ukimwaga maji katikati, yanajigawa yenyewe kwenda mitaroni, kama wageni waliosikia chakula kimekwisha!"

Kazi alifundishwa na kaka yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Lakini mwaka huo kaka alikuwa amepinda. Alitembea ameinama, mikono nyuma, kama mtu aliyebeba mtoto mgongoni. Madaktari waliutafuta ugonjwa mpaka wakaona haya.

Asubuhi moja kaka akamwita wakachonge njia ya mashambani, ambayo mvua ilikuwa imeitafuna. Njia hiyo ina kona moja, karibu na pampu mbovu, na hapo kila dereva huinua jembe la greda akapita bila kugusa ardhi. Kaka mwenyewe ndiye aliyemfunza: "Hapo inua, dogo. Usiulize."

Siku hiyo akasema, "Leo usiinue. Kata mpaka chini."

"Si wewe uliyenikataza?"

"Yalikuwa mawe tu. Nimeyatoa."

"Kwa mgongo huo?" Bapa akaangua kicheko.

Kaka hakucheka.

Amkatalie vipi, na huyo ndiye baba, ndiye mama? Bapa akapanda, akawasha. Jua lilikuwa linawaka, ndege wakipiga kelele kama wako sokoni. Alipofika konani akashusha jembe. Hakusikia jiwe. Kilikatika kitu laini.

Ndege wakanyamaza.

Akatazama kioo cha pembeni. Kwenye changarawe aliyoitandaza muda huo huo palikuwa na nyayo. Za mtu asiye na viatu. Zilianzia katikati ya kona, pale pale alipokata. Zilikuwa zinamfuata.

Akarudi kinyumenyume, akazikanyaga kwa magurudumu. Akasonga mbele, akalaza changarawe upya. Akatazama tena.

Zipo. Zimekaribia.

Akasimamisha mashine. Hakuna mtu. Nyayo za mwisho zilikuwa chini ya ngazi ya greda, vidole vikielekea mlangoni.

Kisha mikono miwili ya baridi ikamkumbatia shingoni, kwa nyuma. Uzito ukamlalia mgongoni.

"Kaka," alinong'ona.

Kaka alikuwa kando ya njia. Amesimama wima, mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Machozi yalimtoka, na huku anajinyoosha mabega, kama mtu aliyetua gunia.

"Hakihamii kwa mgeni," alisema kwa sauti ya chini. "Kinataka ndugu wa damu, akate pale pale nilipokata mimi. Nisamehe, dogo. Nilichoka."

Akageuka, akaenda zake kwa hatua ndefu.

Siku hizi Bapa hatambi. Anatembea ameinama, mikono nyuma. Mdogo wao wa mwisho, fundi cherehani, hachoki kumwomba amfundishe greda. "Baki na sindano yako," Bapa humjibu.

Juzi huyo mdogo alikuja kuwasalimu, akalala kwao. Asubuhi mke wa Bapa alipoanza kufagia alikuta nyayo zenye vumbi la changarawe, kutoka kitanda cha mumewe hadi mlango wa chumba cha mgeni.

Zilikuwa zimesimama hapo. Vidole vimeelekea ndani.