Boîte Zilizozuiliwa Kasindi

Jokébed alikuwa na butiki ndogo Butembo. Kila asubuhi alipanga sabuni, chumvi na mafuta, kisha akakaa kungoja wateja. Kitu walichopenda zaidi kilikuwa samaki wa boîte, wale wa mkebe wa bati. Mama akitoka shambani amechoka, anafungua boîte, anakaanga na vitunguu, na watoto wanakula.

Noeli ilipokaribia, Jokébed na wenzake waliagiza kartoni nyingi za samaki kutoka ng'ambo. Kamio, lori lililozibeba, ilikawia sana njiani, jua likiichoma. Ilipofika mpakani Kasindi, ajenti wa kukagua chakula akaizuia.

Jokébed alipanda gari mpaka Beni, na kutoka pale akateremka Kasindi na hasira yake. Alikuwa amekwisha kuwaza moyoni: boîte zilizoharibika kidogo atazituma Manguredjipa kwa wachimba dhahabu. Wale hununua chochote.

Ajenti alikuwa mama kijana, jina lake Nadège. Alikuwa ametenga boîte zilizovimba, zilizoshika kutu na zilizokuwa zinavuja. Jokébed alimsihi sana. Alimwambia kwamba sikukuu imefika, na kwamba moto wa jiko huua kila uchafu. Nadège alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampa boîte moja iliyovimba, abonyeze kifuniko. Kilishuka, kikarudi juu.

"Mama, humu ndani muko mikrobe, bidudu badogo sana," Nadège akasema. "Ziko nafanya gaz, hewa yao, na ile gaz ndiyo inavimbisha boîte. Zingine zinatoa sumu. Hauwezi kuiona, na mara mingi haina harufu. Hata kuonja tu inaweza kuua mutu."

Jokébed akajibu kwamba Delphin, shofere wa kamio, alikula moja jana yake, na bado yuko mzima.

Nadège akageuka kumtafuta. Delphin alikuwa ameketi chini, ameegemea gurudumu. Alisema ni usingizi tu. Lakini kope zake zilikuwa zinaanguka, sauti yake imekuwa nzito, na kila kitu kimoja alikiona kama viwili. Alipojaribu kunywa maji, yalimshinda kumeza.

"Hii hapana usingizi," Nadège akasema. "Iko sumu. Tumupeleke hopitali sasa hivi. Na muambie baganga ba hopitali kitu alikula."

Jokébed alisahau kartoni zake. Njia nzima ya kurudi Beni alimshika Delphin mkono, akimwita kwa jina lake. Hopitalini aliwaeleza waganga habari ya boîte, nao wakaanza mara moja kumsaidia kupumua. Mmoja wao alimwambia kwamba wangechelewa kidogo, pumzi ingekatika.

Bénie, bibi aliyeolewa na Delphin, alifika kutoka Butembo na mtoto wao mgongoni. Jokébed alimtazama. Akawaza wale wachimba dhahabu, na bibi zao, na watoto wao. Akalia.

Delphin alipoanza kupumua mwenyewe, Jokébed alirudi Kasindi. Boîte mbaya zote ziliharibiwa mbele ya maajenti, ili mtu asizichukue kwenda kuziuza. Jokébed alisimama pale mpaka kazi ikaisha. Kisha akamshika Nadège mikono miwili.

"Dada, nilikuja kukugombeza," akasema. "Aksanti. Ungeniacha nipite, ningeua batu."

Tangu siku ile anakagua kila boîte kabla ya kuiweka butiki. Iliyovimba, inayovuja, yenye kutu au iliyopita tarehe haiuzi hata kwa bei ya chini. Haifungui, haionji, wala hawapi nguruwe. Anaifunga ndani ya sashe ya plastiki, anaizika mbali na maji, kisha ananawa mikono na sabuni. Wateja wameongezeka, kwa sababu wanamwamini.

Delphin alikawia kupata nguvu. Dimanche moja alisimama kanisani kutoa shukrani, Bénie pembeni yake. Jokébed naye akasimama, akalitaja jina la Nadège mbele ya wote, akaeleza alichojifunza.

Ibada ilipokwisha, Mama Christa, aliyewapikia wageni wa kanisa miaka mingi, alikimbia nyumbani. Akarudi na boîte za maharagi ndani ya kikapo. Zilikuwa zimevimba. Alikuwa anazitunza kwa ajili ya pasta wa kanisa na wageni wake.

Delphin akaomba jembe, akachimba shimo yeye mwenyewe.