Mikono Ukutani

Kila asubuhi Bosi alikula, akaacha sahani palepale, akaondoka zake. Jina hilo alilipata kwa dada yake, maana hapakuwa na kazi ya nyumbani aliyoigusa. "Vyombo ni kazi ya wanawake," alizoea kusema. Baba yake, fundi seremala, alicheka tu.

Siku moja mwalimu wa sanaa aliwapeleka wanafunzi kwenye maonyesho. Shangazi yake Bosi, ambaye ni mchongaji, alikuwa amejenga humo jiko zima: meza, sinki, hata kamba ya nguo. Mtu hakuwepo. Hata hivyo ufagio ulisikika ukifagia, sufuria zikagongana, mtu akakohoa.

"Nani yumo humu?" rafiki yake alinong'ona.

Ukutani ilitokeza mikono mitupu, myeupe kama chokaa. Mmoja ulishika mwiko, mwingine ulikamua nguo. Bosi akasogea. Kwenye kidole gumba palikuwa na kovu alilolijua vizuri.

Ghafla sauti ya mtoto ikapasua chumba. "Mama! Maji! Mama! Soksi zangu!" Kandambili zikakimbia sakafuni, huku na huku. Wenzake walicheka, kisha wakanyamaza, kwani sauti haikukoma. Bosi aliitambua. Ilikuwa yake mwenyewe.

Alitoka mbio, akamkuta shangazi mlangoni.

"Shangazi, mama amepatwa na nini? Mbona mikono yake imo ukutani?"

"Tulia, baba. Mama yako ni mzima. Ile ni plasta tu, nakala ya mikono yake, na alikubali mwenyewe. Sauti nilizirekodi kwenu siku moja tu."

"Siku moja?"

"Tena Jumapili, siku ya kupumzika."

Alipofika nyumbani alimkuta mama amesinzia kitini, mikono yake imetulia mapajani kama ile ya plasta. Bosi akaigusa kwa hofu. Ilikuwa na joto.

Mama akashtuka. "Unataka nini, mwanangu?"

"Sitaki kitu, Mama. Kaa tu."

Akakunja mikono ya shati, akaanza kuosha vyombo. Kikombe kimoja kilimponyoka, kikavunjika. Baba, aliyeketi kando, akaangua kicheko. Bosi akamnyooshea kitambaa.

"Baba, mimi naosha. Wewe futa."

Kicheko kikakatika. Baba alimtazama mkewe, akainuka taratibu, akakipokea kitambaa.

"Nyumba haijifagii yenyewe," mama akasema. "Ukiona pamesafika, jua kuna mtu amechoka. Na kazi, mwanangu, haiulizi kama mikono ni ya mwanamke au ya mwanamume."