Mgeni Ambaye Hakuagwa

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa nane, saa kumi na robo alasiri, kiti kilichokuwa sebuleni kwa Fundi Makochi kilibonyea, na hapakuwa na mtu aliyekikalia.

Fundi alikiona kwa macho yake. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, misumari midogo mdomoni, akivuta kitambaa cha kochi la mteja. Kile kiti alikitia sponji mpya yeye mwenyewe, na sponji mpya anaijua: ukiibonyeza kwa kiganja inainuka papo hapo. Hii ilishuka taratibu, kama anakaa mtu mzima mwenye magoti mabovu, ikabaki chini. Fundi akatema misumari kiganjani, akasema Bismillahi, akarudi kwenye kazi. Mkewe alikuwa na wiki saba kaburini, na tangu hapo alikuwa akiona mambo mengi. Hakutaka kumwongezea binti yake mzigo.

Binti huyo alikuwa akitoa nakala na kuchapa barua za watu kwenye duka la steshenari. Mama yake alimwita Dairekta, kwa utani, maana hakukaa bila kumpiga mtu video kwa simu. Mama mwenyewe mtaa mzima ulimwita Mama Vituko. Jumapili moja, mama akiwa bado hai, wakaamua kutengeneza filamu fupi pale nyumbani. Hawakuandika chochote. Wazo lilikuwa moja tu: mwanamke anampokea mgeni asiyemjua, anamkirimu, kisha mgeni haondoki, na mwenyeji anahangaika namna ya kumuaga bila kumvunjia heshima. Jirani aliyeahidi kuwa mgeni hakutokea.

"Basi tuahirishe," Dairekta alisema.

"Tuahirishe nini, na mimi nimeshajipaka wanja? Nisogezee kile kiti cha baba yako. Nitaongea nacho. Angalau kiti hakichelewi kama huyo jirani yako."

Akaongea nacho. Akafungua mlango mbele ya hewa tupu, akasema karibu mara tatu, akakifuta kiti kwa upande wa kanga yake. "Keti, usiogope," akasema. "Nyumba ni yako." Kisha akacheka kicheko chake kile kilichoishia kwenye kikohozi, na Fundi, nyuma ya pazia, akajiziba mdomo asiharibu kazi. Saa kumi na robo, walipofika mahali pa kumuaga mgeni, simu ikazimika. Chaji ilikuwa imekwisha.

"Tutamuaga Jumapili ijayo," mama alisema.

Jumatano, kabla ya Jumapili hiyo kufika, moyo ulimsimama akiwa uani anaanika nguo. Alikuwa amempigia binti yake simu mara mbili asubuhi ile. Dairekta alikuwa na foleni ya wateja, akasema moyoni, nitampigia baadaye.

Filamu ile ya dakika sita ndiyo iliyobaki na sauti ya mama. Video nyingine zote Dairekta alikuwa akizifuta kila simu ilipojaa. Kwa hiyo siku moja kabla ya kile kiti kubonyea, alikaa akaiunganisha filamu, akaandika mwishoni jina la mama yake, akaituma. Aliituma kwenye kundi la ukoo, la majirani, la waliosoma pamoja, akaiweka na kwenye ukurasa wake. Alichapa tangazo dogo lenye picha ya mama akalibandika dukani, na kila mteja aliyesubiri nakala zake aliombwa atazame. Kote aliandika maneno yaleyale: mtumie na mwenzako.

"Nataka watu elfu wamcheke, Baba," alisema. "Wamcheke vizuri, kama sisi."

Watu walicheka kweli, wakaituma mbele. Siku ya tatu Shangazi, dada wa Fundi, akapiga simu.

"Wifi yangu kanichekesha hadi machozi yamenitoka," Shangazi alisema. "Lakini mwanangu, huyo mzee mmemtoa wapi?"

"Mzee gani, Shangazi?"

"Si huyo aliyekaa kwenye kiti. Nimemwona magoti."

Dairekta akafungua filamu yake. Kiti kilikuwa kitupu. Akamwomba Shangazi amrudishie ile aliyopokea yeye. Hiyo ilikuwa na dakika saba, na juu ya kiti palikuwa na magoti mawili yaliyofunikwa nguo ya rangi ya majivu. Akamwomba rafiki aliyeipata kwa rafiki mwingine. Humo magoti yalikuwa na mikono juu yake, vidole virefu vikifika hadi chini ya goti. Kadiri filamu ilivyopita simu nyingi ndivyo mgeni alivyozidi kuonekana, na kila mara mama alimwambia akae, asiogope, nyumba ni yake.

Usiku huo Dairekta alimweleza baba yake, na Fundi naye akasema habari ya kiti. Kesho yake Fundi alikipeleka kiti uani. Saa kumi na robo lilibonyea kochi la mteja. Ikaja na harufu, harufu ya udongo uliofukuliwa punde, wala si ya udongo wa mvua, na wote wawili waliijua kwa sababu walikuwa wameinusa wiki saba nyuma, baba kando ya shimo, binti kwenye kanzu ya baba aliporudi makaburini, na sasa ilikuwa imejaa sebule yao mchana kweupe, madirisha yakiwa wazi, watoto wa jirani wakicheza mpira nje, na ndani ya harufu hiyo, kutoka pale kochi lilipobonyea, kikasikika kicheko kidogo kilichoishia kwenye kikohozi.

"Baba," Dairekta alinong'ona. "Ni Mama."

"Nyamaza, mwanangu."

"Ni yeye, Baba. Namjua."

Fundi alimwita mwalimu wa madrasa, mtu wa maneno machache, aliyezoea kuitwa kwenye mambo kama haya. Alisoma, akasikiliza, akaitazama filamu mara moja, akaifunika simu kwa kiganja.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema. "Jini hukaa anapokaribishwa. Aliambiwa nyumba ni yake, na hajaagwa hadi leo. Na kila anayeituma filamu hii anamkaribisha upya. Ifuteni, muwaombe na wengine waifute. Kisha mwenye nyumba amuage, kwa adabu."

"Mwalimu, sauti ya mama yangu imo humo tu," Dairekta alisema. "Nikifuta, nabaki na nini?"

Mwalimu aliondoa kiganja, akamrudishia simu yake.

Siku ya pili, saa kumi na robo, Fundi alikirudisha kiti sebuleni, akavaa kanzu safi, akasimama mlangoni akiwa amemshika binti yake mkono. Kiti kikashuka. Harufu ikaja. Mwalimu akawa anasoma kwa sauti ya chini.

"Mgeni wetu," Fundi alisema, akainyoosha kanzu yake, akaanza upya. "Mgeni wetu, tunakushukuru kwa kutembea. Aliyekukaribisha ameitwa na Mola wake. Nyumba hii ina msiba. Nenda kwa amani."

Kisha kutoka kwenye kiti, karibu kabisa, sauti ya Mama Vituko ikasema, "Karibu."

Dairekta akamponyoka baba yake, akapiga magoti mbele ya kiti, simu mkononi, akasema yale aliyoyabeba wiki zote zile, kwamba siku ile alikuwa na wateja, kwamba aliiona simu ikiita mara zote mbili, kwamba alidhani ni habari ya chumvi au sabuni, kwamba angejua angewaacha wateja wote na nakala zao akaja mbio bila hata viatu. "Ulikuwa unataka kuniambia nini, Mama? Umenisamehe?"

"Keti, usiogope," sauti ikasema. "Nyumba ni yako." Na ikacheka, na ikakohoa palepale penye kikohozi.

"Nimekuuliza, Mama. Umenisamehe?"

"Keti, usiogope. Nyumba ni yako."

Dairekta aliitazama simu mkononi. Mama yake asingemwacha aulize mara mbili. Akafungua simu, akaifuta filamu. Akainuka, akashika mlango.

"Kwaheri, mgeni," alisema.

Sponji ikainuka taratibu, ikajaa, ikatulia. Harufu ikatoka na upepo.

Tangazo la dukani alilibandua siku hiyohiyo. Kwenye makundi yote alimotangaza aliandika tena: tafadhali ifute, na mwambie mwenzako aifute. Wengi walitii. Lakini wapo asiowajua, na mpaka leo haupiti mwezi bila ujumbe kutoka namba ngeni: "Dada, tumeipenda filamu ya mama yako. Ila huyo mgeni mbona sasa ametugeukia sisi?" Humjibu kila mmoja kwa upole, akimweleza namna ya kuaga.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mama Vituko. Ampokee kwa ukarimu uleule aliompokea nao mgeni asiyemjua, alipanue kaburi lake, alitie nuru, na amfikishie salamu za mwana aliyechelewa kupokea simu. Amina.