Misumari Iliyoharibu Picha

Kiti kilikuwa kimeelekea ukutani, na Mama Kidoti hakukumbuka kukigeuza.

Alikikodolea macho kwenye kioo cha kompyuta, chai ikimpoa mkononi. Asubuhi ile ile alikiweka katikati ya chumba, kikitazama mlango, ili mchezaji wa gemu akiingia tu ahisi kuna mtu alikuwa anamsubiri. Ndio ujanja wenyewe wa kazi ile: humchori jini, unachora mahali alipokuwa amekaa. Akajicheka, akasema uzee unabisha hodi, akakirudisha kiti kilivyokuwa.

Alikuwa fundi wa mazingira ya gemu. Wenzake huchora mashujaa na majitu wakasifiwa. Yeye huchora kuta na vumbi, vitu ambavyo wachezaji huvipita mbio bila hata asante. Studio aliyoitumikia miaka mingi ilikuwa imemwachisha kazi, na tegemeo lake sasa lilikuwa shindano moja la sanaa: buni chumba kinachotisha, kusiwe na kiumbe yeyote ndani yake, na mshindi anapewa kazi. Kwa bahati, au tuseme kwa balaa, nyumba ya mama yake alikokuwa akiishi na binti yake ilikuwa na chumba cha aina hiyo mwisho wa korido. Kilifungwa kabla yeye hajazaliwa. Kila alipouliza utotoni aliambiwa kina panya.

Siku mama yake, ambaye nyumbani wote walimwita Bibi, alipokwenda kliniki, yeye akachukua ufunguo chini ya godoro. Akapiga picha kila ufa na kila doa la unyevu, akapiga na kile kiti kikuukuu alichokikuta humo. Akaacha simu sakafuni irekodi kimya cha chumba, kwa sababu kila chumba kina kimya chake na sikio la mchezaji halidanganyiki kirahisi. Kisha akafunga, akarudisha ufunguo, akaanza kuzivika picha zile kwenye kuta za chumba alichokuwa akikibuni ndani ya kompyuta. Kitu kimoja tu hakikumpendeza. Katika kila pembe, chini kabisa, palipigwa msumari mnene wenye kutu, umezungushiwa uzi mweusi. Jicho lilikuwa likikimbilia kwenye misumari badala ya kwenda kwenye kiti. Akaifuta yote, akapaka rangi ya ukuta mahali ilipokuwa, na picha ikatulia.

Binti yake alikuwa habanduki pale mezani. Walimwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi iliyokaa kwenye shavu lake la kushoto tangu kuzaliwa. Siku moja alimwona mama yake akitengeneza mlango mmoja wa kabati, kisha akibofya mara moja tu, na mlango wa pili ukatokea wenyewe, umegeuzwa.

"Kumbe unatuibia!" mtoto akasema.

"Siibi, napunguza kazi. Ila lazima uangalie alama. Mkwaruzo uliokuwa kushoto unahamia kulia, halafu kila mtu anajua hii ni nakala."

"Kwa hiyo mimi ukinigeuza, kidoti changu kitakuwa huku?" Akagusa shavu la kulia, wakacheka mpaka Bibi akauliza kutoka jikoni kama kuna sherehe ambayo hakualikwa.

Kiti kikageuka tena. Akakirudisha. Alipotoka kwenda kuanika nguo na kurudi, kilikuwa kimekwisha kugeuka, na safari hii kimesogea karibu na ukuta. Kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua, ambayo ilikuwa ikitoka kwenye matundu ya kompyuta. Aliifungua, akaifuta vumbi, akanusa kila waya. Hakuna kilichoungua.

Halafu mtoto akapoa. Hakuwa na homa, alipoa tu. Alikula bila kulalamika, yeye ambaye hakuna mlo alioupokea bila mashauri, na akimaliza anakwenda kukaa akiutazama ukuta.

"Kidoti, unafanya nini hapo?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini, mama?"

Mtoto akasogea karibu zaidi na ukuta. Mama Kidoti akajisemea ni uchovu wa shule, akarudi mezani kwa sababu shindano halingojei, akavaa hedifoni asikilize ile sauti ya kimya aliyoirekodi, na ndani ya kile kimya, mbali kama mtu aliye nyuma ya ukuta wa pili, akasikia pumzi, ikivutwa na kuachiwa, ikivutwa na kuachiwa, mpaka akagundua kwamba na yeye anapumua kwa kuifuatisha, na kwamba kila akijaribu kuiacha kifua kinamkataa. Akaichomoa hedifoni, akaitupa. Alipoinua macho kwenye kioo aliona chini ya kile kiti pea moja ya ndara ndogo nyekundu, ya kushoto imeshonwa kamba kwa uzi wa bluu. Uzi ule aliushona yeye mwenyewe kwa mkono wake. Ndara zile hakuzichora.

"Kidoti!" akaita. "Kidoti wewe!"

Mtoto alikuwa palepale ukutani, pekupeku, jua la mchana likimwangaza mabegani, macho wazi. Akamtikisa. Akamwita kwa jina lake la shule, akambeba, akamlaza kitandani palepale chumbani, akampiga makofi madogo ya mashavuni, na mtoto alikuwa mzito na baridi na hakupepesa hata ukope. Ndipo spika za mezani zikasema, kwa sauti ile ile aliyoisikia kila asubuhi tangu ilipojifunza kusema:

"Mama? Mlango uko wapi?"

Akamwacha mtoto kitandani. Akajikokota hadi mezani, mkono ukakimbilia kitufe cha kufuta. Afute chumba kizima, afute shindano na kazi na kila kitu, bora mtoto wake. Kidole kilikuwa kimekwisha kugusa kitufe alipojiuliza: nikikifuta chumba, na aliyemo ndani yake je? Akaondoa kidole, akakiuma ili asipige kelele.

"Kuna giza, mama. Na huyu mwingine ananishika nywele."

Bibi aliingia akifuata harufu. Hakumtazama mtoto kwanza. Alikitazama kioo, akakisogelea, akainama kwenye pembe za kile chumba, mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Misumari iko wapi?" akanong'ona.

"Niliifuta, mama. Ilikuwa inaharibu picha."

Bibi akakaa chini sakafuni, yeye na magoti yake mabovu. "Mwanangu. Mwanangu, umetumaliza."

"Ulisema ni panya! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mimi na mdogo wangu tulikuwa tukicheza mle. Siku moja akapatwa hivihivi, macho wazi, kimya. Akaja mganga, akamtoa, akalifungia lile jini kwa misumari minne. Mdogo wangu akapona. Akala, akakua, akaolewa, akazikwa mzee. Lakini mama yetu..." Akaelekeza kidole upande wa korido. "Mama yetu mpaka anakufa alikuwa akikaa nje ya mlango ule, anaimbia mtoto alale. Tukasema ni wazimu."

Mganga yule alikwisha kufa zamani, lakini binti yake alirithi kazi. Alikuja kabla jua halijazama, mwanamke mpole mwenye miwani, akavua viatu mlangoni, akapokea shikamoo ya Mama Kidoti, kisha akakitazama kioo kwa muda mrefu.

"Baba alikuwa na nyundo," akasema. "Mimi hapa sina pa kupiga. Misumari utairudisha wewe, mwanangu. Mimi nitasoma, wewe utapiga. Lakini mtoto atoke kwanza. Akitoka atakuita kwa mdomo wake, pale kitandani. Ukishamsikia, usingoje hata kidogo. Usipofunga upesi, naye huyo mwingine atatoka."

"Na nikifunga kabla hajatoka?"

Mganga akafukiza ubani. Bibi akasema taratibu kwamba la kuvunda halina ubani, akakanywa anyamaze.

Kisomo kikaanza. Mama Kidoti alikaa na kipanya mkononi, misumari ameshaitoa kwenye picha za mwanzo na kuipanga tayari, jasho jembamba likimtoka, sikio moja kitandani na jingine kwenye spika, na sauti ya mganga ikapanda, na ndani ya kile chumba kiti kikaanza kutetemeka, na harufu ya nywele ikawa nzito mpaka ikamjaa mdomoni, na ukuta aliouchora kwa mkono wake ukawa unavimba na kunywea, unavimba na kunywea, na yeye hakupumua, aliapa hatapumua nao, mpaka kutoka kitandani, waziwazi, mdomo wa mtoto ukasema:

"Mama."

"Piga!" mganga akasema.

Akapiga wa kwanza. Akapiga wa pili.

"Mama, bado!" spika zikalia. "Mama, bado mimi! Mama, huyo siye!"

Mkono ukaganda.

"Usilisikilize," mganga akamkaripia, akitetemeka mwenyewe. "Ndivyo linavyolia likibanwa. Mtoto si huyu hapa? Mtazame, anapumua! Piga!"

Akageuka. Kitandani mtoto ameketi, amenyoosha mikono miwili kwake, anamlilia. Ni mama gani asingeamini? Akapiga wa tatu. Spika zilikuwa hazisemi tena maneno, zilikuwa zikilia tu, kilio cha mtoto aliyeachwa, na yeye akipiga wa nne alikuwa akilia pamoja nazo bila kujua kwa nini. Kisha kimya. Kiti kikatulia. Harufu ikaondoka.

Walikumbatiana wote. Bibi alishukuru Mungu mpaka sauti ikamkauka, mganga akapewa maji, akaondoka akijifuta miwani. Mtoto aliomba chakula. Alikula vizuri, akamaliza, akasema asante.

Mama Kidoti alichukua kitambaa na maji ya uvuguvugu amfute jasho. Akamfuta paji, akamfuta shingo, akamgeuza uso dirishani, kwenye mwanga uliobaki. Akafuta shavu la kushoto. Lilikuwa safi. Akafikiri ameona vibaya, akalifuta tena, akalifuta mpaka likawa jekundu, na mtoto alikuwa amekaa kwa utulivu, akimwachia.

Kidoti kilikuwa shavu la kulia.

"Kuna nini, mama?" mtoto akauliza.

Aliweka kitambaa chini, akarudi mezani. Kwenye kioo misumari minne ilikuwa mahali pake, imara, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Ndara nyekundu zilikuwa bado chini ya kiti. Akashika kipanya, akakipeleka kwenye msumari wa kwanza.

"Usiitoe," ile sauti ya mtoto ikasema nyuma yake, kutoka kitandani, kwa upole. "Ukiitoa tutatoka wote. Nasi si wachache kule. Utamjuaje wako?"

Mkono wake ulikaa pale, kwenye msumari, mpaka ukafa ganzi. Usiku uliingia na hakuwasha taa. Kisha akasogeza kiti chake karibu, akaweka paji la uso kwenye kioo, akaanza kuimba kwa sauti ya chini ule wimbo aliomlalisha nao Kidoti tangu akiwa mchanga.

Bibi alikuja na sahani ya chakula, akasimama mlangoni. Akamsikiliza mwanawe. Akamtazama mtoto kitandani, ambaye alimtabasamia. Sahani ikamponyoka. Safari hii hakusema ni wazimu.