Vya Njano vya Mwaka Jana

Mzee Anatory alikutwa amekufa saa mbili asubuhi, kifudifudi kwenye shamba lake la maharage huko Nyakisasa, jembe likiwa bado mkononi. Jirani aliyemwona alidhani amepumzika. Alipomwita mara ya tatu bila jibu, ndipo akapiga yowe.

Inspekta Mayunga alifika saa nne, amechoka kabla ya kuanza kazi. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu, na barabara ya kutoka Rulenge ilikuwa imemtikisa mgongo wote. Alisimama kando ya gari akameza kidonge chake cha presha, cheupe, huku akinung'unika kama alivyonung'unika tangu Januari. Mwaka mpya, bima mpya. Orodha ya dawa imebadilika, mletaji amebadilika, hata rangi ya kidonge imebadilika. Yeye alikuwa amezoea vya njano.

"Jeraha?" aliuliza.

"Hakuna, afande," alijibu Koplo Naima, aliyekuwa amechutama kando ya mwili. "Hakuna damu wala dalili za purukushani. Ila hiki kilikuwa mfukoni."

Kilikuwa kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba, kimefungwa namna akina mama wa huku wanavyofunga mbegu. Ndani mlikuwa na vidonge vinane vya njano. Mayunga alivimwaga kiganjani. Vilifanana kabisa na vyake vya mwaka jana.

Mwili ukapelekwa hospitali kwa uchunguzi. Mayunga naye akaenda kwa Luqmani, mwenye duka pekee la dawa sokoni, kwa sababu kila kidonge kinachozagaa bila karatasi ya daktari huanzia dukani. Ndivyo alivyoamini, na uzee ulikuwa umemfanya asipende kubadili imani.

"Ulimuuzia Anatory dawa hizi?"

"Anatory hajawahi kununua kwangu hata panado, Inspekta. Alikuwa na kadi ya bima."

"Kadi tuliyoikuta kwake iliisha Desemba."

"Najua. Alikaa hapo ulipokaa wewe akanisimulia. Mwaka huu kadi inahuishwa kwa alama za vidole. Ameweka kidole mara tatu, mashine imemkataa mara tatu. Mtu amelima miaka sitini, hizo alama atazitoa wapi?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anatory hakuficha chochote. Aliyapeleka maradhi yake zahanati yeye mwenyewe, kwa miguu, na yakarudishwa naye nyumbani.

Simu ya Mayunga ikalia. Alikuwa daktari wa hospitali.

"Nilitegemea kiharusi," daktari alisema. "Sikukuta. Sampuli zitakwenda kwa mkemia. Majibu baada ya wiki tatu, yakiwahi."

"Wiki tatu ni nyingi, daktari."

"Basi tafuta mwenyewe."

Luqmani alikuwa amevaa miwani, anakigeuzageuza kidonge kimoja kwenye mwanga wa mlango.

"Hiki si cha presha," alisema taratibu. "Hiki ni cha kushusha sukari. Soma maandishi haya."

"Mwaka jana vya presha vilikuwa hivi hivi."

"Rangi, ndiyo. Mwaka huu bima imepata mletaji mwingine. Vya presha vimekuwa vyeupe, vya sukari ndivyo vya njano. Na vyenye alama hii ni vya bima tu, dukani havifiki."

"Asiye na kisukari akimeza?"

"Asubuhi, kabla ya kula, kisha akashike jembe?" Luqmani alikirudisha kidonge kwenye jani. "Sukari inamwishia mwilini, anazimia. Kwa umri ule haamki."

Kwenye zahanati ya kijiji, muuguzi Tecla alifungua chumba cha dawa akahesabu makopo mara mbili. Moja halikuwepo. Kufuli lilikuwa zima, dirisha zima.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi."

"Na mwingine?"

"Mama anayetufanyia usafi. Domisiana."

"Domisiana yupi?"

"Mke wa marehemu, afande."

Mayunga akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Alihisi uchovu kuliko aliowahi kuuhisi katika kazi hii.

"Anajua kusoma?"

"Jina lake tu. Wazee hapa dawa wanazijua kwa rangi. Hata sisi ndivyo tunavyowaelekeza. Cha njano asubuhi, cha pinki jioni."

"Rangi zilipobadilika mliwaambia?"

"Tuliwaambia wote waliokuja kuchukua."

"Na waliokataliwa na mashine?"

"Hao hawakuchukua kitu," alisema Tecla, akaanza kuhesabu makopo upya.

Msibani wanawake walikuwa wameketi juu ya mikeka. Domisiana alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, wa miaka sabini hivi, macho makavu kwa kulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Wakaenda kuongea jikoni, yeye, Mayunga na Naima.

"Kopo liko wapi, mama?"

Hakujisumbua kukana. "Chini ya kitanda."

"Ulilichukua lini?"

"Jumatatu, nikipiga deki."

"Kwa nini?"

"Walimwambia arudi mashine ikibadilishwa. Presha inangoja mashine? Kichwa kilimuuma mpaka akalia. Mume wangu, mtu mzima, analia. Na mimi kila siku nafagia chumba chenye dawa yake. Ungefanya nini, afande?"

Mayunga angefanya vivyo hivyo, na aliona aibu kulijua hilo akiwa amevaa sare.

"Umempa nani mwingine?"

Domisiana akageukia mafiga, akachochea kuni.

"Mama, nataka majina."

"Nifunge mimi. Wao ni wagonjwa, kadi zao zimekwama kama ya Anatory. Hawakuiba." Akapangusa uso kwa pembe ya kanga. "Presha ndiyo imemuua, sivyo? Nilichelewa kumpa."

Mayunga alitamani sana kuitikia. Neno moja tu, ndiyo, na mjane angebaki na huzuni yake ya kawaida. Mengine angeyasikia mahakamani, au kwa padri, au asiyasikie kabisa. Lakini vifurushi vilikuwa mikononi mwa watu.

"Hapana, mama. Si presha." Alichuchumaa ili wawe sawa kwa urefu. "Mwaka huu wamebadilisha. Vya presha ni vyeupe. Hivi vya njano ni vya sukari."

Alirudia mara ya pili, polepole. Naima aligeuka akatazama ukutani.

Domisiana hakulia. Aliangalia viganja vyake.

"Nilimpa kwa mkono wangu," alisema. "Nikamwambia meza kabla hujala, kama siku zote."

Kisha akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Ni Ildefonsa, nyumba ya pili hapo. Na Thobias, kule bondeni. Thobias humeza saa kumi. Gari halifiki, nifuateni."

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Alitangulia yeye, mjane wa siku moja, akishuka kati ya migomba kwa mwendo uliomshinda Inspekta. Ildefonsa hakuwa amemeza hata kimoja. Alikuwa akivitunza kwa siku ya kichwa kuuma. Thobias walimkuta kwenye kigoda mlangoni, kikombe cha maji mkono mmoja, jani limefunguliwa gotini. Jana yake alikuwa ameanguka kwenye ngazi, akasema ni uzee. Domisiana alimpokonya vidonge bila salamu.

Jioni, kituoni, Naima alisoma maelezo ya onyo kwa sauti: wizi, na kuua bila kukusudia. Domisiana alikubali yote. Kidole gumba kikachovywa wino, kikagandamizwa kwenye karatasi. Likatoka doa jeusi, halina hata mstari mmoja.

"Afande, alama haionekani."

"Acha hivyo hivyo," alisema Mayunga.

Domisiana alikuwa akijipangusa wino kwenye kanga ya msiba.

"Baba, nikuulize. Akina Thobias watabaki bila mtu wa kuwaelekeza. Vya mwakani vitakuwa vya rangi gani?"

Mayunga alitoa vidonge vyake mfukoni, akavitazama, akavirudisha.

"Sijui, mama," alisema.