Hesabu ya Matairi Mapana

Kila asubuhi ya siku ya hospitali, Kikokotoo ndiye aliyemvisha bibi yake viatu. Bibi aliketi ukingoni mwa kitanda na kunyoosha miguu iliyovimba, naye mjukuu akapiga magoti na kulegeza kamba mpaka mwisho.

"Polepole, mke mwenzangu," Bibi alitania. "Ukinivunja vidole nitakushtaki kwa mume wetu."

"Mume wetu" alikuwa Kaka, ambaye wakati huo alikuwa nje akilifuta gari vumbi. Ndiye pia aliyembandika mdogo wake jina la Kikokotoo, kwa kuwa alijumlisha na kuzidisha kichwani kabla wenzake hawajashika kalamu. Baba yao alikuwa amefariki na kuwaachia gari dogo la rangi ya maziwa. Mama alifanya kazi katika tanuri la mikate. Mwisho wa juma Kaka alilipeleka gari kubeba maharusi, na siku za hospitali alimpeleka Bibi, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka, ikabidi damu yake isafishwe kwa mashine.

Basi Kaka akaingiwa na tamaa ya kulipendezesha gari. Maharusi, alisema, siku hizi wanataka gari lililolala chini, lenye rimu kubwa zinazong'aa. Akaenda gereji, springi zikafupishwa, gari likashuka hata paka wa jirani akashindwa kulala uvunguni. Kisha akapata rimu kubwa kwa rafiki yake. Yakabaki matairi.

"Njoo hapa, Kikokotoo," aliita Jumamosi moja asubuhi, akiwa amechuchumaa barazani. "Leo nataka akili yako."

Alimwonyesha namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi la zamani. "Hii ya kwanza ni upana kwa milimita. Hii ya mwisho ni inchi za rimu. Ya katikati ni asilimia, inakuambia kimo cha ubavu wa tairi ukilinganisha na upana. Sasa sikiliza. Rimu ikikua, ubavu lazima upungue, ili gurudumu zima libaki na kimo kile kile. Likizidi kimo, litagusa madigadi, hili bati la juu ya gurudumu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"La zamani lina upana wa mia moja themanini na tano, asilimia sitini na tano, rimu ya kumi na tano. Mimi nimependa hili la upana wa mia mbili thelathini na tano, asilimia arobaini na tano, kwa rimu ya kumi na nane. Piga hesabu uniambie kama yanalingana."

Kikokotoo akachukua chaki na kuandika kwenye sakafu ya saruji. Tairi la zamani halikumsumbua, lilimpa milimita mia sita ishirini na moja. Alipofika kwenye lile jipya, chaki ikasita. Asilimia arobaini na tano ya upana upi? Wa tairi la zamani, au wa hili jipya? Swali lilimchoma kama sisimizi. Aliinua uso ili aulize, lakini Kaka alikuwa tayari anapiga makofi.

"Mtazameni! Mwalimu wenu ajiuzulu tu, akuachie darasa!"

Nani angeuliza baada ya kuvikwa kilemba kama hicho? Kikokotoo akautumia ule upana wa zamani, kwa kuwa ndio uliokuwa mbele ya macho yake. Jibu likaja mia sita ishirini na tatu.

"Tofauti ni milimita mbili tu," alisema.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Siku hiyo hiyo walikwenda kwa mwanamke aliyeuza na kufunga matairi pale kona, ambaye wote walimwita Mama Matairi. Alilitazama lile tairi jipya, akaitazama ile nafasi finyu chini ya madigadi, akakunja uso.

"Mbona kama ni refu kwa gari lililolala hivi? Ngoja nipime kwanza."

Kaka alikuwa na harusi mchana. "Tumeshapiga hesabu, mama. Wewe funga tu."

Nyuma yao wateja walikuwa wamepanga foleni, na mmoja alianza kunung'unika. Mama Matairi akainua mabega, akavuta jeki.

Gari lilitoka pale likimeremeta. Lilipokuwa tupu halikugusa popote. Lilipobeba watu nyuma, likaanza kukwaruza kila lilipopita kwenye tuta.

"Ni mpira mpya," Kaka alisema. "Utazoea."

Kikokotoo aliisikia sauti ile, akajikuna shingo.

Siku ya hospitali ilipofika, Mama aliketi mbele, Bibi na Kikokotoo nyuma. Waliteremka kilima chenye kona kali. Gari likaruka tuta, mkwaruzo ukageuka kuwa ukelele, harufu ya mpira ulioungua ikajaa ndani. Kabla Kaka hajakanyaga breki vizuri, tairi la nyuma likapasuka kwa kishindo. Gari likayumba, likateleza, likajibamiza ubavu kwenye ukuta wa mtaro. Ulikuwa ni upande wa Bibi.

Bibi hakupiga kelele. Alishika tu mkono wa mjukuu wake na kuuminya mpaka walipokuja watu kumtoa.

Daktari alisema mfupa wa nyonga umevunjika. Mtu mwingine wangempasua mara moja, lakini mwili wa Bibi ulikuwa dhaifu, itabidi wasubiri. Bibi akalala chali, macho darini, bila kutania mtu. Chakula akakikataa. Kaka hakulala wala hakunyoa ndevu. Mama alikwenda kazini moja kwa moja kutoka wodini, akarudi wodini unga ukiwa bado kwenye nywele. Ndani ya nyumba watu walipishana, kila mmoja akiogopa kulitaja lile ambalo wote walikuwa wakiliwaza.

Hasira ya Kaka ikatafuta pa kutua, ikatua kwa Mama Matairi. Alisimama mbele ya duka lake, mbele za watu, akafoka: "Umeniuzia tairi bovu! Umemvunja bibi yangu!" Habari zikaenea mtaa mzima. Wateja wakahama. Kikokotoo alipopita pale akitoka shule, alimwona mama yule ameketi peke yake juu ya tairi, mikono mapajani, akitazama barabara.

Kisha siku moja darasani mwalimu wa hisabati aliandika ubaoni: asilimia hamsini. Akageuka. "Ya nini?" aliuliza. Darasa likacheka. "Mnacheka, lakini nawauliza, hamsini ya nini? Ya embe au ya gunia la maembe? Asilimia bila kujua ni ya nini haikuambii kitu."

Kikokotoo akaweka kalamu chini. Wakati wa mapumziko aliokota kipande cha chaki, akaenda nyuma ya darasa, akaandika ukutani hesabu ile ile. Safari hii alichukua asilimia ya upana wa tairi jipya lenyewe. Jibu likaja mia sita sitini na tisa. Akarudia. Likaja lile lile. Lile tairi lililizidi la zamani kimo kwa karibu sentimita tano, na gari lilikuwa limeshushwa.

Alifuta ukuta kwa kiganja mpaka kikachubuka.

Alijiambia kwamba akisema, Kaka hatamtazama tena. Alijiambia kwamba Bibi akifa, yeye ndiye atakayekuwa amemuua. Wodini alisimama mbali na kitanda, na Bibi alipomnyooshea mkono, alijifanya hakuuona. Hakuwa na pa kukimbilia.

Mwishowe miguu yake yenyewe ilimpeleka kwenye tanuri. Mama alikuwa anakanda unga. Kikokotoo akasema yote akiwa amesimama mlangoni, tangu chaki iliposita hadi ule ukuta wa shule. Mama aliacha kukanda. Mikono yake ilibaki imezama kwenye unga. Hakumpiga. Mtoto aliona heri angempiga.

"Nani mwingine anajua?" Mama aliuliza.

"Hakuna."

"Basi watajua leo."

Walimkuta Kaka wodini, wakamtoa nje. Aliposikia, uso ulimsawijika. Aliketi kwenye ngazi, akafunika macho. "Mimi ndiye dereva," alisema baadaye. "Nilisikia linakwaruza. Nilisikia kila siku."

Wakaenda wote dukani kwa Mama Matairi. Kaka aliomba radhi mahali pale pale alipofokea, na kwa sauti ile ile, ili majirani wasikie. Mama Matairi hakuchekelea. "Hata mimi niliona," alisema. "Niliogopa foleni ya watu, nikafunga."

Gari liliponyooshwa, alipima mwenyewe kwa futi. Akachagua tairi jembamba kidogo lenye ubavu mfupi, lenye kimo kinachokaribia cha lile la zamani na nguvu ya kubeba mzigo wa gari lile. Akaagiza springi zirudishwe juu. Kisha akawapakia watu wazima nyuma, akamwambia Kaka azungushe usukani hadi mwisho, huku yeye akipitisha mkono chini ya madigadi. Halikugusa.

Bibi alipasuliwa hatimaye, na akapona, ingawa si kama zamani. Alirudi nyumbani akiegemea fremu ya chuma, akisimama kupumzika kila baada ya hatua chache. Kikokotoo alipomwomba msamaha, alimvuta kando yake kitandani, akamshika mkono. Machozi ya mtoto yakatiririka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu, kukosea hesabu si aibu," alisema. "Kila mtu hukosea. Kosa lako ni kwamba shaka ilikujia, ukaiona, kisha ukasema una uhakika kwa sababu ulipenda kusifiwa. Kaka yako alisikia mkwaruzo akauita mpira mpya. Mama Matairi aliona akanyamaza. Na mimi nilikuwa nimeketi mle mle garini, nikisikia, nikasema kimoyomoyo kwamba wenye kujua wanajua. Mmoja wetu tu angesema 'sina uhakika, tusimame tupime', Bibi yako angekuwa anatembea mwenyewe. Siku nyingine shaka ikikujia, iseme, hata kama watu wanakupigia makofi."

"Nitasema, Mama."

"Haya. Mshike upande huo, nami nimshike huu. Ni saa ya kutembea."

Wakamwinua Bibi, mmoja huku na mwingine kule, wakaanza kumsogeza taratibu kuelekea mlangoni.